Kona ya Kisiki

Kwako binti yangu mkubwa,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kinyozi jirani yangu alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Mimi sijambo, ila goti tu. Paa linavuja palepale.

Unajua mji huu ulinikuta hapa. Mpima ardhi alikuja na kamba zake akaniambia, "Mzee, hama, barabara inapita sebuleni kwako." Nikamjibu, "Basi ipige hodi kwanza." Wakaizungusha! Lami ya serikali ikapinda kwa ajili ya mtu mmoja. Magari yakapunguza mwendo, wachuuzi wakaja, maduka yakafuata, watu wakajenga. Leo hata makondakta wanaita Kona ya Kisiki, na Kisiki ndiye mimi. Nani mwingine katika ukoo wetu ameupinda mji?

Halafu lile lori likashindwa kukata kona, likamkuta mama yako anaanika nguo. Siku ya mazishi uliniambia, "Baba, hiyo kona ni yako." Hujakanyaga hapa tena. Mwaka mzima sasa.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya ardhi kwa miguu, nikaweka sahihi. Waibomoe nyumba.

Nahamia chumba cha nyuma kwa kinyozi. Ukija, barabara itakuwa imenyooka na magari yatapita kasi. Kila Jumamosi nitakaa nje kwenye benchi. Mwambie dereva apunguze mwendo, mwanangu, usije ukanipita.

Ni mimi baba yako,
Kisiki