Ugali wa Ulezi

Jumanne, jioni

Kumbe damu ndiyo imepungua. Leo kliniki nesi ameniuliza ninakula nini, na mimba hii ya miezi sita. Nikamwambia chai na mkate mweupe, maana tangu serikali iruhusu biashara huria maduka ya Sumbawanga yamejaa mikate.

“Kula maharage, dada, na mboga za majani, na ulezi.”

Nilitamani kulia. Ndicho chakula alichonilea nacho mama kule Mwimbi, nami nikakiita cha washamba.

Nimesonga ugali wa ulezi, ukatoka na mabuje ya unga usioiva. Mume wangu amekula wote, akasema mtamu. Namhofia mtoto huyu wa tumboni.

Mama ana miaka miwili kaburini. Sikuwahi kumwambia, “Mama, nifundishe.”