Ngao Iliyoachwa Langoni

Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili,
Mtaa wa Soko la Zamani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu hizi zikukute u mzima wa mwili na mtulivu wa moyo kuliko mimi ninayeziandika. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Na macho? Mchomeleaji asiyevaa miwani ya kazi anajitafutia fimbo ya kipofu. Nilikuonya hivyo tangu ungali mwanafunzi wa ufundi, nawe ukacheka. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, anagombana na redio, na goti lake linatabiri mvua kuliko watabiri wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Mimi nami ni mzima, ila situlii. Tangu asubuhi naianza barua hii na kuinuka: mara nafunga dirisha, mara nalifungua, mara napanga vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Hata paka amenichoka, amekwenda kulala kwa jirani. Sababu nitakueleza, lakini kwa utaratibu, maana umekaa mbali na huenda umesahau nusu ya mambo.

Ni kuhusu mchezo wetu wa Jumamosi. Ulipoleta kitabu kile cha kanuni na kete zenye pande nyingi, nilisema mtu mzima hawezi kuketi mezani akajifanya anapigana na majini. Ukanijibu kwamba kila mchezaji atakuwa na mhusika wake, lakini mnahitaji msimulizi wa kuiendesha hadithi na kuamua mabishano, na kwamba katika ukoo mzima hamna asiyependelea isipokuwa mimi. Ulijua pa kunikuna. Nikakubali, na tangu hapo nimekisoma kitabu kile kwa makini kuliko wewe uliyekinunua.

Utakumbuka ulipotuacha. Kundi la wahusika wetu lilikuwa limefika kwenye mlango wa Pango la Ukimya. Begi lako lilikuwa tayari limesimama ukumbini, nawe ukasema: “Askari wangu abaki hapa na ngao yake, alinde lango. Nyinyi tangulieni. Nitarudi kabla hamjatoka pangoni.” Tulicheka wote, isipokuwa binti yako Chiriku.

Ile ngao ndogo ya bati, uliyoikata kwa mkono wako kutoka kwenye kifuniko cha kopo, ingali mezani mahali pako. Hakuna anayeruhusiwa kuweka kikombe hapo. Yule fundi cherehani tunayecheza naye alijaribu siku moja, Chiriku akamtazama mpaka akakiondoa mwenyewe.

Naam, bado tunamwita Chiriku, ingawa siku hizi jina limemzidi. Yule mtoto aliyekuwa akizungumza mpaka chai inapoa mkononi, sasa huuliza, hujibu, basi.

Jana kundi liliishiwa na mienge. Giza likawa giza. Ndipo Chiriku akasema kwamba mhusika wake, ambaye ni mhunzi kama ulivyomchagulia, atafua Taa Isiyozimika, nasi tutatoka pangoni. Nilifungua kitabu. Moto anao, nyundo anayo, ujuzi anao. Lakini kanuni inasema kifaa cha uchawi cha daraja hilo hufuliwa kwa chuma kilichokwisha kubeba uchawi, nacho kiwe kimetolewa kwa hiari na mwenye nacho. Chuma cha namna hiyo katika kundi zima ni kimoja tu. Ni ngao yako.

Hapo ikaanza vita. Yule jirani yetu mfamasia, tunayemwita Wakili kwa kupenda mashauri kuliko dawa zake, alirukia mara moja.

“Mwenyewe kaitupa langoni. Kitu kilichotupwa ni cha mwenye kukiokota. Tuiyeyushe twende zetu, mimi nimechoka na popo.”

“Hakuitupa, aliiacha,” akasema fundi cherehani. “Mimi dukani kwangu sikati kitambaa cha mtu mpaka mwenyewe asimame mbele yangu.”

“Ndiyo maana suruali yangu inazeekea kwako!”

“Suruali yako inalisubiri tumbo lako liamue linaishia wapi.”

Niligonga meza. Wakili akataka nitamke hukumu, na haki yake ilikuwepo. Kitabu kinataka hiari ya mwenye mali, lakini hakisemi hiari hiyo hupatikanaje akiwa hayupo. Mahali kanuni inaponyamaza, msimulizi huamua. Nikaamua kwamba kete ziseme kwa niaba yako: ikitoka namba ya juu, umekubali, ikitoka ya chini, umekataa. Niliona nimetenda haki kabisa. Nikampa Chiriku kete.

Alizipokea. Kisha akaziweka chini taratibu, bila kuzirusha.

“Shangazi, kete haziwezi kumsemea baba. Muulize mwenyewe. Akisema chukueni, basi nami nitajua.”

Hakuna aliyemwuliza atajua nini. Wakili alianza kutafuta miwani yake, nayo ilikuwa kwenye paji la uso wake. Fundi akasema maneno kuhusu mvua. Tukafunga mchezo mapema.

Mdogo wangu, pango lile si refu. Yeye ndiye aliyelirefusha. Kila tulipokaribia kuona mwanga wa upande wa pili, Chiriku alikuwa na sababu ya kurudi nyuma: kamba imesahauliwa, kuna kichochoro hakijakaguliwa, kuna mbuzi kilema anayelia mahali fulani. Wakili akilalamika, yeye anasema tahadhari haina hasara. Ulisema utarudi kabla hatujatoka, naye akahakikisha hatutoki. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayetaka taa. Unaelewa kwa nini siwezi kuketi?

Kuna jambo jingine, alilonieleza jikoni tulipokuwa tukiosha vikombe, tena akiwa amenipa mgongo. Chuo cha uuguzi cha mji wa pili kimempa nafasi. Anatakiwa kujibu kabla mwezi huu haujaisha. Hajajibu. Nilipomwuliza anangoja nini, alisema, “Baba akija je, akute mlango umefungwa?” Kila wiki anafungua madirisha ya chumba chako, anakung'uta mito, anatia mafuta kitasa. Tangu mama yake atutoke, kukitunza chumba hicho ndiyo kazi yake, na hakuna aliyemwajiri. Ulisema askari wako ndiye atakayelinda lango. Anayelilinda ni mwanao.

Sikulaumu kwa kwenda. Mkono mtupu haulambwi, nasi sote tumekula kwa jasho lako. Lakini ulisema utarudi baada ya mvua, kisha baada ya daraja mnalojenga kukamilika, kisha baada ya mkataba mpya. Mtoto anaweza kulibeba neno “sitarudi mwaka huu”. Atalia, atanawa uso, atajua pa kuelekea. Neno “labda” halina mpini. Hajui alishike wapi.

Kwa hiyo nakuuliza kama msimulizi: je, unaitoa ngao? Ujue matokeo yake. Askari asiye na ngao hawezi kulinda lango; ukiitoa, mhusika wako ataondoka pale, na ukija siku yoyote utaanza na mtu mwingine, mpya, asiye na kitu. Ukiizuia, basi uje uibebe, na useme lini. Hukumu ya tatu haipo. Nimekisoma kitabu chote tena leo, haipo.

Jibu hilo usiniletee mimi. Mwandikie yeye, kwa mkono wako mwenyewe. Usipige simu. Kwenye simu wewe hucheka, ukauliza hali ya hewa, naye hucheka ili usione haya, mkaagana pasipo mmoja wenu kusema lolote.

Nimeinuka tena kidogo. Chiriku amerudi kutoka sokoni, amepita mezani bila kujua kwamba namwona kupitia mlango wa chumba changu. Ameichukua ile ngao ya bati, ameifuta kwa upindo wa nguo, akaonekana kama anataka kuitia mfukoni. Hakuitia. Ameirudisha mahali pake na kuielekeza mlangoni.

Mama anakusalimu na kusema unenepe kidogo. Mjomba anauliza kama ulipata zile soksi. Fundi cherehani anakusalimu. Wakili pia, ila anataka ifahamike kwamba katika shauri hili bado anaona ana haki. Nisalimie mwenzako wa chumba, yule anayekoroma, mwambie dawa ya kukoroma ni kulala ubavu.

Mungu akulinde juu ya vyuma hivyo virefu, ailinde mikono yako na macho yako, akupe ujasiri wa kuandika mstari mmoja ulionyooka. Nikimaliza barua hii nitaipeleka posta mwenyewe kesho asubuhi kabla hawajafungua, nikasimame mlangoni.

Ni mimi dada yako nikupendaye, msimulizi asiyempendelea mtu yeyote, isipokuwa safari hii.