Safu ya Wazima

Mpui, 16 Juni 2021

Mwanangu Edith,

Marahaba kabla hujaniamkia. Sisi huku tunapumua, tunakula, na baridi ya mwezi wa sita inatutafuna masikio. Wewe huko Mbeya vipi? Unakula, au unapima damu za watu tu?

Simu inakatakata, na maneno yangu hayaenei kwenye simu, kwa hiyo nimeyafunga ndani ya kiroba cha ulezi. Kondakta wa basi nimeshamlipa, usimpe kitu.

Jumamosi ile ulinipa heshima, mwanangu. Kushuka kwenye gari pale zahanati na koti jeupe! Kesho yake baada ya misa nikawaeleza wote, hata wasiouliza: "Huyu wangu anapima madini ya zinki kwenye damu, ajue kwa nini nimonia hii ya virusi inamwangusha huyu na kumwacha yule. Na damu ya watu wazima wa afya, ya kulinganishia, ameifuata hapa hapa kwetu." Bertha jirani akadakia kwamba damu yake itatushinda, maana yeye anakula kuku. Kuku gani? Wale watatu wenye kideri?

Sasa niambie, nani ameongoza? Mimi hata nikiwa wa pili sawa, mradi wa kwanza awe baba yako. Amekula kwenye chungu changu miaka thelathini na mmoja.

Yeye hajambo. Anakohoa kidogo, vumbi la kupura ulezi.

Ni mimi mama yako,
mama wa daktari


Mbeya, 21 Juni 2021

Mpendwa mama,

Shikamoo, na baba mpe shikamoo yake. Mimi mzima. Kiroba nimekipata, na uji nilikoroga siku ile ile.

Mama, mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Wapunguzie watu wa misa hizo sifa zangu. Na huu si mtihani, hakuna anayeongoza. Majibu ni siri ya mwenye damu, lakini ya baba yamenikosesha raha. Zinki yake iko chini kuliko ya wazima wote tuliowapima. Mwambie yeye tu, asijue Bertha. Wagonjwa wanaozidiwa, wengi tunawakuta damu yao iko hivyo. Ale nyama, maharage, mbegu za maboga.

Hicho kikohozi sikipendi. Akianza kuhema haraka, msisubiri kitu. Mpelekeni Sumbawanga penye oksijeni.

Mwanao,
Edith


Mpui, 24 Juni 2021

Mwanangu,

Salamu zetu unazijua. Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya kinu. Iko chini? Ya mume wangu? Mimi ambaye maharusi wa kijiji hiki wanatumwa kwangu wajifunze kuunga maharage?

Basi nimeanza. Samaki, migebuka ya ziwani Kipili. Maini kutoka kwa Shigela, yule Msukuma mwenye ng'ombe. Mbegu za maboga nimezisaga kwenye uji. Anakula vijiko vitano anasema, "Mama Edith, niache nivute pumzi kwanza." Namwambia pumzi inatoka kwenye chakula.

Anahema, sikufichi. Shigela alipoleta maini alimtazama akasema, "Mama, huyu si wa kulishwa, ni wa kupelekwa. Pikipiki yangu ina mafuta." Nikamwambia akachunge ng'ombe wake. Edith, nikimpeleka leo watampima, wataona namba ile ile, waandike kwamba mkewe Agnesi anamnyima chakula. Nipe mpaka Jumatatu nimjaze kwanza. Halafu nitampeleka mwenyewe, tukae kiti cha mbele kwenye basi.

Mama yako


Ujumbe wa simu, 25 Juni 2021

Mama pokea simu. Mpeleke LEO. Hakuna atakayekuandika chochote. Nakuomba mama. Mwanao


Mbeya, 19 Julai 2021

Mpendwa mama,

Shikamoo. Nilifika salama. Sijui nikuulize umeamkaje, maana tangu tumzike baba najua hulali.

Pale matangani ulikuwa unarudia, "Chungu changu kimemuua." Nakujibu hapa, si mbele za watu. Mama, virusi vikiingia mwilini, zinki inatoka kwenye damu na kwenda kujificha kwenye ini, ndani ya siku chache tu. Ukimpima mtu wakati huo, damu inaonekana maskini hata kama amekula vizuri maisha yake yote. Hili nalijua kwa kusomea. Ila baba nilimwandika mzima, kwa hiyo nikadhani ni chakula, nikakuandikia habari za nyama kabla ya habari za oksijeni. Hilo ni langu, nitaishi nalo.

Mkuu wangu ameona namba ya baba haifanani na ya wazima wenzake. Ananiuliza kama kweli siku ile hakuwa na dalili. Nimemjibu kwamba wewe mama ulikuwepo, nikuulize kwanza.

Mwanao,
Edith


Mpui, 1 Agosti 2021

Mwanangu Edith,

Marahaba. Mimi nipo. Bertha ananiletea mboga kila siku. Haina chumvi, sijamwambia.

Barua yako nilikaa nayo wiki nzima. Siku ile ulipomuuliza baba yako, "Una kikohozi? Una homa?" nilijibu mimi. "Huyu? Mzima kuliko madume ya Shigela!" Alikuwa na siku ya pili anakohoa. Nilimnywesha tangawizi na asali nyumbani asije akakohoa kwenye kiti chako cha kutolea damu. Nilijua ukimkuta mgonjwa utamtoa, na nilishawatangazia watu kwamba jina la kwanza kwenye orodha ni la mume wangu. Yeye alitaka kusema. Nilimkanyaga mguu, na wewe ukacheka, ukadhani tunataniana.

Siku alipozidiwa, Shigela ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye pikipiki, na mpaka leo sijamwomba radhi. Kesho nitaenda.

Mwambie mkuu wako ukweli. Mfute baba yako kwenye safu ya wazima, mwandike kwa wagonjwa. Asije mgonjwa mwingine, huko nisikokujua, akalinganishwa na uongo wangu.

Na kama pembeni pana nafasi ya kuandika, andika kwamba alikuwa anakula vizuri.

Mama yako,
Agnesi