Mkate Unaonukia Bi Arusi

Langoni, Lamu
12 Mfunguo Saba, 1330

Kwa dada yangu mkubwa, Bi Mwanamkisi, Mola akuweke.

Salamu nyingi zikufikie huko Pate, wewe na wote waliomo nyumbani mwako, hata yule paka wako mwizi. Baada ya salamu nakuuliza goti, nakuuliza kifua, nakuuliza na yale meno mawili kama bado yapo. Sisi huku hatujambo. Binti yangu Hindu ni mzima na anakubusu mkono. Mimi ni mzima toka utosini hadi vifundoni. Kutoka hapo kwenda chini nitakueleza.

Ama baadu. Dada, hapana mke.

Nalitanguliza hilo kwa sababu barua yako nimeisoma mara nne, zote nikiwa nimesimama, maana siku hizi kukaa kumenishinda. Umeandika kuwa habari zimefika Pate nzima ya kwamba nduguyo Mselem, na mvi zake zote, kaoa kigoli kwa siri; na ya kwamba Ijumaa ukijaaliwa utakwenda Mtangawanda upande chombo uje umtazame, na leso za kumtunza umeshanunua. Leso hizo zivae wewe. Mke hayupo. Harufu yake ndiyo iliyopo, na hiyo ni habari ndefu, na nahodha Famau atakayeichukua barua hii anaondoka baada ya adhuhuri. Kila nikiandika mistari mitatu natoka mlangoni kumtuma mtu akatazame kama bado anapakia. Ukiona wino umeruka, ujue niliinuka.

Wajua kuwa tangu tulipomzika Esha, mamake Hindu, mwaka jana nimekuwa mtu wa halua. Zamani sikuwa hivyo, wewe ni shahidi. Nikila kipande siku ya Idi nikatosheka. Lakini nyumba ikiwa kimya mtu hutafuta kitu cha kutia kinywani. Basi ikawa halua asubuhi, halua alasiri kwa kahawa, na katikati kashata nisije nikasahau ladha. Kiu ikanishika, mtungi mzima kwa siku, na haja ndogo ikawa ndiyo kazi yangu. Siku moja Hindu akaniita uani. Pale nyuma ya kisima, mahali ninapojisaidia nikiona uvivu wa kwenda chooni, palikuwa na sisimizi, safu kwa safu, wanakunywa kama waliokaribishwa. Mimi nikacheka. Nikamwambia hata mkojo wa babake una wageni. Hindu hakucheka. Akaenda kumwita mganga, Bwana Jeilani.

Jeilani akatazama wale sisimizi, akanikalisha, akanishika kidole gumba cha mguu wa kushoto. Alikuwa na sindano mkononi. Nikangoja, nikangoja, mwisho nikamwuliza ataanza lini. Akaniambia ameshachoma mara tatu.

Hapo ndipo cheko langu lilipokauka. Akasema sukari niiache, halua nisiinuse, na mikate ya unga mweupe nisahau. La sivyo kidole kitatangulia, mguu utafuata, na baada ya mguu hakueleza. Tamu ya matunda akairuhusu kidogo, kwani alisema tamu iliyoota mtini si sawa na tamu iliyochemshwa kwenye sufuria. Alipokwisha kwenda, Hindu alikaa kwenye kizingiti. Wamjua, kamzika mume, na mwaka haukwisha kamzika mama. Akanambia, "Baba, mimi sina mtu wa tatu wa kuzika."

Nikaapa. Niliapa kwa kweli, usinicheke. Siku ya tatu nilikuwa nyuma ya duka la halua, nimefunika kipande kwenye kofia. Na kwa kuwa Hindu kila alfajiri alikuwa akiinama pale kisimani kutazama sisimizi kama mwenye kutafuta pete, nikaona ndia nyepesi ni kwenda kujisaidia ukutani kwa jirani, Bwana Gharib. Sisimizi wakahama. Hindu akafurahi, akasujudu sijida ya shukrani, nami nikasimama pembeni nikisema amin na halua ingali kwenye meno.

Lakini Gharib naye ana macho. Alipowaona wale wadudu ukutani kwake akadhani ni wake, akalala kitandani, akaita watoto, akaanza kusamehe watu. Kwangu pia alituma msamaha, na sikumwuliza wa nini. Kisha Jeilani akaitwa. Akamchoma Gharib sindano kidoleni, Gharib akaruka toka kitandani hadi mlangoni. Mganga akasema mwenye kuruka hivi hana maradhi, basi sisimizi hawa wana mwenyewe mwingine. Watu wote waliokuwamo wakageuka wakanitazama mimi.

Hindu hakunigombeza. Angegombeza ningepona. Alikwenda juu akakuandikia wewe ile barua, na wewe, Mungu akulipe, ukaleta ile karatasi ya mkate wa ndizi.

Naona nikukumbushe uliyoandika, maana neno lote limo humo. Uliandika tutwae unga wa mtama uliosagwa kwa jiwe, na wishwa zake zisitupwe. Ndizi mbivu sita zilizoanza kufanya madoa. Tende kumi zilizotolewa kokwa, ziroweshwe maji moto, zipondwe, ndizo ziwe badala ya sukari. Tui zito kikombe. Hiliki. Sukari isikaribie, samli isikaribie. Vyote vikorogwe, vimiminwe kwenye sinia lililotandikwa jani la mgomba, lifunikwe, na makaa yapaliwe chini na juu, ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Mpaka hapo Hindu alisoma kama maji. Alikwama kidogo kwenye ndizi tu, kwa kuwa zilizokuwapo nyumbani zilikuwa ndizi kisukari, na kwa lile jina lake akataka kuzitupa. Nikamwambia na mimi naitwa Mselem na sijasilimu hata mara moja sawasawa. Akaomba istighfari kwa niaba yangu, akaendelea.

Kisha akafika mstari wa mwisho, uliposema kabla ya kumimina kitiwe kidogo cha kitu kile, kiachwe kilale mpaka alasiri. Na kitu kile umekiandika kwa te yenye alama chini, na be yenye wau nyuma. Ti, bu. Hivi ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwa herufi za Kurani, e ikawa i, o ikawa u na m ikamezwa, kuandika tembo, lile la mnazi, la kuumulia mikate. Na hivi hivi ndivyo inavyoandikwa tibu, ile ya wanawake ya kujipaka, ya sandali na waridi. Herufi moja haipungui, moja haizidi. Hindu akalirudia neno kwa kidole. Akasema shangazi yake ni mcha Mungu, sala zake hazimpiti, hawezi kuandika tembo kwa kalamu yake. Basi ni tibu, na bila shaka ni dawa wanayoijua watu wa Pate. Akaenda juu kasha lilipo, akafungua kijaluba, akachota kwa ncha za vidole viwili, akatia.

Mkate haukufura, ulilala kama jamvi la Kipungani. Lakini ulipofunuliwa, dada, nyumba nzima ilinukia arusi. Nikala kipande. Nikala cha pili. Jioni ile sikutoka kwenda dukani. Kesho yake nikaulizia kama upo mwingine. Na tangu siku ile mpaka leo ni miezi miwili, Hindu anapika Jumatatu na Alhamisi, na halua sijaionja. Siapi, maana kiapo changu umeshakijua bei yake; nakwambia tu. Sisimizi hawapo kisimani, hawapo kwa Gharib, nimewatafuta mwenyewe. Na juzi Jeilani aliponichoma kidole nilimtukana yeye na mama yake, na Hindu akalia kwa furaha.

Basi hiyo ndiyo ndoa yangu. Mwenye kula tibu hutoka jasho la tibu, na akicheua ndipo mambo huharibika. Nikawa nikisimama msikitini, safu inanusa. Wakanusana wao kwa wao kwanza, kisha wakanijia mimi. Ijumaa moja tukitoka Gharib akanishika mkono mbele ya watu akaniuliza, "Bwana Mselem, huyu mwari wetu ni wa mtaa gani?" Mimi ningeweza kusema ni mkate. Nikatabasamu, nikamwambia ni wa mtaa wa karibu sana. Ilitosha. Kufika alasiri nilikuwa nimeoa, kufika magharibi mke alikuwa na miaka kumi na minane, na kwenu Pate nasikia ameshashika mimba. Hindu walipomwambia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mamake, kwa hivyo sikukanusha.

Famau bado anapakia. Wamenambia imebaki mitungi na mbuzi wawili. Nimekwenda mlangoni na kurudi, na sasa nalisema lile lililonifanya nishike kalamu, maana haya yote ya juu ningekwambia ukifika.

Mimi nilijua ni tembo.

Nilijua toka alipotamka ile ti ya kwanza. Ulidhani nitasahau? Mama alipokuwa akipika mkate ule, wewe ndiwe uliyekuwa ukitumwa Kipungani kuleta tembo, na mimi ndimi niliyekufuata nikionja ndiani, mpaka siku ile tulipofika nyumbani na kibuyu nusu na nyimbo mbili. Chuo nilikitoroka mapema, lakini neno lile nililijua kabla ya herufi zake. Hindu alipokuwa akikwama pale nilikuwa nimeshafungua kinywa nimcheke. Kisha akaenda kwenye kasha, na kijaluba alichokitoa kilikuwa cha Esha.

Tibu ile aliisaga Esha mwenyewe, mwaka wa mwisho, alipokuwa bado anaweza kukaa. Ndiyo iliyobaki. Nguo zake Hindu alizigawa kama ilivyo sunna, mto ulifuliwa, kitanda kikatolewa juani. Nikawa natafuta nyumba nzima kama niliyepoteza kofia, na sijui natafuta nini. Sinia lilipofunuliwa nikajua. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, dada. Nikala nikatazama ukuta ili mtoto asinione.

Kwa hivyo nikanyamaza, na kila Jumatatu na Alhamisi nanyamaza tena. Hindu anaamini ananipa dawa ya shangazi yake. Naogopa Ijumaa. Nakujua ulimi wako. Utamega kipande, utakitema, utauliza nani mwenye wazimu katia manukato kwenye chakula, uliandika tembo wewe. Na mtoto yule ataona haya mpaka afe, kwamba miezi miwili amemlisha babake kijaluba cha mamake. Ataacha kupika. Na akiacha, mimi najijua. Sitafika alasiri kabla sijawa nyuma ya duka la halua, na kidole hiki kilichoanza kunijua kitanisahau tena, na Hindu atapata yule mtu wake wa tatu.

Basi njoo, usiache kuja. Mkate ukiwekwa mbele yako, kula, useme ndivyo ulivyoagiza. Utakuwa uwongo mmoja. Nitautubia mimi, nina nafasi.

Na jambo la pili ndilo linaloninyima kukaa. Jana nilifungua kijaluba Hindu alipokwenda kisimani. Zimebaki chota tatu, labda nne kwa mtu mwenye vidole vyembamba. Nimewapitia wanawake wote wa Langoni wenye kusaga tibu, nimenusa mpaka wakaanza kunifungia milango. Si yake. Ya Esha mlikuwa mkisaga pamoja, wewe na yeye, kabla ya arusi ya Hindu. Sandali kiasi gani, karafuu kiasi gani, na kile kingine mlichokitia mkatufukuza sisi wanaume, hamkumwambia mtu. Sasa anayejua ni wewe peke yako. Leso acha. Nisagie hiyo.

Lakini nimekaa nikafikiri, nikaona hatari. Katika barua hii yote neno hilo nimeliandika kwa te na be na wau, kama ulivyoliandika wewe, na huenda mpaka hapa unasoma kuwa Hindu anachota tembo kwenye kijaluba, na Ijumaa utanishukia hapa na mtungi kichwani. Kuandika zaidi sikufundishwa. Basi nimefanya hivi: hapa pembeni, karibu na jina langu, kuna doa. Si mafuta ya halua, usinidhanie. Nimepunguza chota moja nikaisugua kwenye karatasi, tumebaki na mbili. Usilisome. Linuse, utamjua, kisha umlete yeye.

Wasalimie walioniombea na walionisengenya, hasa walionisengenya, maana wamenipa mke mzuri. Hindu anakwita kwa hamu. Gharib anakusalimu na anauliza kama kwenu hakuna mjane. Wanambia mbuzi wa mwisho ameshaingia chomboni, nami nakwenda mbio kwa mguu huu, na mawe ya ndiani nayasikia yote.

Ni mimi nduguyo mdogo,
Mselem wa Langoni