Ukulele ya Mama

Las Vegas, Machi

Dada yangu Puanani,

Wajukuu hawajambo. Mvua hatujaiona tangu Krismasi.

Ule ubao wa mti wa koa wa Baba ulionitumia nimeuchonga ukulele, kigitaa chetu cha nyuzi nne, ya kumpigia Mama kabla hajafumba macho. Kwa haraka zangu, sikuuacha kwanza uzoee ukame wa huku. Jana uso wake ulipasuka kutoka juu hadi chini.

Jirani yangu Nohea, mtu wa mji wa Hilo kule visiwani kama sisi, alicheka: “We babu! Mti wa mvua unauleta jangwani, hata kuukaribisha hukuukaribisha?” Alipoona machozi yangu akanivutia kiti.

Miaka miwili nakwambia nitakuja ikikamilika. Kumbe naogopa Mama asinitambue. Mwambie nafika Jumamosi, mikono mitupu.

Kaka yako,
Makaio