Tonton, nimeyeyusha lehemu yako

Mjomba wangu, Tonton Albert,

Leo nimefanya jambo ambalo nataka ulisikie kwangu kwanza.

Gitaa la Papa Léon, yule mpiga solo, uliliacha mezani, mgongo ukiwa wazi, nyaya zikichomoza. Tangu tulipokuzika hakuna aliyeligusa. Mama alisema vifaa vyako vyote vitapelekwa kwa binamu yetu kule Yahuma, kwa sababu msichana wa shule hana haja navyo. Nilimwomba aniachie gitaa hili moja nilimalize. "Ikiimba, meza itabakia na vifaa vyake," alisema. "Ikikatala, bon, tusiseme tena."

Nilijua ulichokuwa unakitafuta. Wimbo unaanza na sauti nene. Sebene ikiingia, ile sehemu ya kuchezesha watu, mpiga solo anavuta kitufe cha sauti kwenda juu, nusu ya mikro iliyo chini ya nyuzi inanyamaza, na sauti inakuwa nyembamba na kali, inapita katikati ya ngoma. "Avute tu, watu wasimame," ulikuwa ukisema. Nyaya tatu za kitufe hicho ulikuwa umeshazilehemu wewe. Zilizobaki nikazilehemu mimi.

Mchana Papa Léon alikuja mwenyewe na pikipiki ya kukodi, ampli, ile spika ya gitaa, mapajani. Alikataa kiti, akasimama mlangoni. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, na mimi niliomba tu usiondoke wakati huo. Nikalichomeka gitaa. Kitufe kikiwa chini sauti ilitoka nene, nzuri, na Mama akainua uso. Nikakivuta. Gitaa likakwaruza. Sauti ikawa nyembamba, ikarudi nene, ikakwaruza tena.

"Eh, Nicole," Papa Léon akasema, "hii iko sebene ama samaki mu mafuta?"

Nikakagua lehemu zangu moja moja. Zilikuwa zinang'aa. Kisha nikaangalia zako. Tonton, sijui niandike vipi. Ile ya katikati, inayoshika waya wa kunyamazisha, ilikuwa ya kijivu, na waya ulicheza ndani yake kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Nikakumbuka homa yako, na jinsi mkono wa kushoto ulivyokuwa ukiushika wa kulia usitetemeke. Uliondoa chuma cha moto kabla bati la lehemu halijashika. Wewe, uliyenirudishia lehemu za kijivu mpaka nikalia.

Nilipochukua chuma cha moto, Mama alinishika mkono.

"Acha ile. Ile iko kazi ya mwisho ya ndugu yangu. Mukono yake iko pale."

Nikiiacha, gitaa litakwaruza mbele ya watu, nao watasema ni kazi ya Albert. Nikiiyeyusha, haitakuwapo tena popote. Na chuma kikikaa kidogo tu zaidi, plastiki iliyo ndani ya kitufe itaungua, na Kisangani nzima hatujui pa kupata kingine.

"Mama," nikasema, "yeye mwenyewe angeitoa."

Hakuniachia mara moja. Kisha akaniachia.

Bati lako liliyeyuka upesi, likawa tone dogo jeupe. Sikuliondoa. Nililiongezea jipya kidogo, nikaushika waya bila kupumua mpaka likapoa. Nikavuta kitufe, nikagonga mikro kwa bisibisi kama ulivyonifundisha. Nusu ya kwanza: to, to. Nusu ya pili: kimya.

Papa Léon akalichukua gitaa, akakaa, akapiga. Alipovuta kitufe, Mama alitoka nje akatugeuzia mgongo mpaka alipomaliza. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Yahuma iko mbali," alisema. "Meza ibakie hapa."

"Alors, kesho naleta gitaa ya basi," Papa Léon akasema. "Ile nayo inakohoa."

Pumzika sasa, Tonton. Kazi zako zimejaa katika magitaa ya mtaa wa Mangobo, na moja baada ya nyingine zitarudi mezani. Nakuahidi: inayong'aa nitaiacha kama ulivyoiacha. Ya kijivu nitaifungua, hata nikijua ni yako, hata mkono ukikataa. Na zangu, atakayezikuta kijivu azifungue vilevile, asinionee haya.

Mpwa wako,
Nicole