Mayai Niliyomnyima Wifi

Mwisenge,
Musoma.
Jumatatu, 16 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Sabina,

Shikamoo. Habari za Songea, na baridi ya huko inasemaje? Tunasikia mwezi huu watu wa kwenu wanalalaga na masweta. Mguu wako unaendeleaje? Na Gibson ameshazoea shule mpya, au bado analia asubuhi? Sisi huku tu wazima. Mafua yalinishika wiki iliyopita ila yamekwisha.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Simu tunayokupigia ni ya Kaka Chacha, na anaiwekaga sauti ya juu ili wote tusikie. Ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema hivyo. Hata ungekuwa mbele yangu ningeangalia chini tu, unanijua.

Wifi Agness ameingia mwezi wa nane wa mimba. Mtoto anacheza vizuri.

Shangazi, niseme tu: nilikuwa na wivu. Kabla Kaka hajaoa, kila Ijumaa alikuwaga anapitia chipsi mayai, tunakula wawili kwenye karatasi moja. Akinunua sato, yeye kichwa, mimi tumbo. Hakuna aliyepanga, ilikuwa hivyo tu. Wifi alipopata mimba, tumbo la sato likahamia kwenye sahani yake. Chipsi mayai zikawa zake. Mimi nikaambiwa, “Wewe kula dagaa, mwenzako yuko wawili.” Dagaa sio wabaya. Ila nilikuwa namwangalia anavyotafuna, mpaka nikajua anaanzaga na upande gani wa mdomo.

Wifi naye ana hofu sana na chakula. Unakumbuka mimba ya kwanza iliharibika mwaka juzi. Basi kila kitu anauliza. Nanasi je? Soda je? Pilipili? Siku moja alipata kwenye simu yake maelezo ya chakula cha wajawazito, yote Kiingereza. Yeye aliishia darasa la saba, akaniletea mimi. “Wifi, nisomee, wewe ndio msomi wetu.”

Mara ya kwanza nilimsomea kweli. Kulikuwa na jibini lenye ukungu, na samaki mbichi wanayemviringisha kwenye wali. Tulicheka! “Ukungu, wifi? Wanakula kwa hiari yao?” Nikamwambia maziwa yachemshwe, mayai yaive kabisa, maini asizidishe, kahawa apunguze, pombe hata tone asiguse. Akawa anaitikia kama yuko darasani.

Ijumaa yake Kaka akaja na chipsi mayai, mfuko mmoja. Alinipita mlangoni akaenda kumpa yeye. Hata hakuniangalia.

Kesho yake wifi alikuwa anachemsha yai, akaniuliza tena, “Hili halina shida, eti?” Nikasema nimerudia kusoma vizuri, mayai hayafai. “Hata ya kuchemsha?” Nikasema hata ya kuchemsha. Akaliacha kwenye sufuria. Nililila mimi, na sitakudanganya, lilikuwa tamu.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Wameandika samaki wachache wakubwa wa baharini, mimi nikasema samaki wote. Parachichi hawajalitaja popote, nikalitaja mimi. Wifi alikubali kila nilichosema. Kaka akimletea anasema hajisikii kula, Kaka akadhani ni mambo ya mimba. Na vile vilivyokataliwa vikawa vinarudi kwangu.

Mwezi uliopita Bibi akaja kutoka Mwitongo kumsaidia wifi, na maziwa yake kwenye kibuyu kama kawaida. Nikamwambia maziwa ya mjamzito lazima yachemke. Hilo lilikuwa kweli. Nilidhani atanisema, maana ametunywesha hivyo miaka yote. Aliuliza tu sufuria iko wapi.

Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza wifi kliniki. Damu ikaonekana imeshuka, iko nane. Nesi akamuuliza anakula nini. Wifi akasema ugali, mchicha, uji. “Mayai? Samaki?” Wifi akasema nyumbani haruhusiwi. Nesi akapiga meza. “Mwaka huu bado mabibi wanawanyima mayai? Nani yuko nyumbani?” Wifi akasema Bibi. Nesi akasema, “Nilijua.”

Nilikuwa nimesimama pale nimeshika kadi yake. Nikaiweka kwenye begi lake, tukarudi nyumbani.

Yaliyofuata unayajua, ila unayajua kwa upande mmoja. Kaka alimfokea Bibi mbele yetu, hata wifi aliposema ni maelezo ya kwenye simu hakumsikiliza. Bibi akajibu, “Mimi sijamkataza mtu chakula,” basi. Ukapiga wewe jioni ile kuulizia hali. Kaka akakueleza, na wewe ukasema, “Mama naye na mambo yake ya kizamani, atakuja kuua mtoto wa watu.” Shangazi, simu ilikuwa sauti ya juu. Bibi alikuwa pale pale anachambua mchele. Alimaliza kuchambua, akaupeleka jikoni. Asubuhi akafunga kikapu chake akaenda stendi.

Siku hiyo hiyo wifi alinifuata uani na simu. “Nisomee pale pa mayai, pole pole.” Akaweka kidole kwenye kila neno. Nikasoma ilivyoandikwa. Akauliza, “Na parachichi liko mstari gani?” Nikasema halipo. Akaizima simu. Halafu akasema, “Wa kwanza nilimpoteza, wifi. Na ulijua.” Nilitamani anipige. Akaniambia, “Mimi sitamwambia kaka yako. Utamwambia wewe. Ila anza na Bibi.”

Mama yake wifi kule Manyamanyama, Bunda, naye amesikia. Amesema mwanae hawezi kukaa na njaa Musoma, na kama mwezi huu unaisha bila mtu mzima ndani ya nyumba, anakuja kumchukua akajifungulie kwao. Zamani ningefurahi. Nibaki na Kaka, sahani mbili tu mezani. Ndicho nilichokitaka kabisa. Sasa wifi akigusa begi lake, nakimbilia kumuuliza anatafuta nini.

Juzi Jumamosi nilienda Mwitongo peke yangu. Nilimkuta Bibi anaanika udaga wa muhogo. Sikungoja hata maji ya kunywa, nilijua nikikaa nitashindwa. Nikamwambia yote, yai, sato, parachichi, kliniki. Aliendelea kuanika. Halafu akaniuliza, “Na maziwa je? Yale ya kuchemsha nayo ulinidanganya?” Nikasema hapana Bibi, yale ni kweli. Akasema, “Haya. Nitaendelea kuchemsha.” Hapo ndipo nililia.

Nikamwomba arudi na mimi. Akakataa. Nikadhani ni kwa ajili ya Kaka. Akasema, “Chacha nilimfuta kamasi, hasira zake nazijua, hazilali. Lakini Sabina nimemzaa. Nikiwa na mimba yake nilikula kila nilichopata, nikamlisha na yeye. Na yeye ndiye kaamini.” Akanifungia mahindi ya kuchoma, akanisindikiza hadi barabarani.

Jana nikamwambia Kaka. Alisukuma kikombe cha chai pembeni. Akauliza, “Ulikuwa na njaa?” Nikasema hapana. Leo asubuhi ameenda Mwitongo kumwomba Bibi radhi. Kumleta hataweza, nimeshakuambia kwa nini.

Wivu haujaisha, Shangazi. Mayai ya wifi sasa nayapika mimi, nayaacha yaive sana, na nikimpa sahani mkono bado unakuwa mzito. Ila nampa. Na anakula, namshukuru kwa hilo, maana mimi nisingekula chakula cha mtu kama mimi.

Naona aibu mtoto kumwambia mkubwa la kufanya. Ulilosema siku ile lilitokana na uongo wangu, sio kosa lako. Lakini Bibi anangoja sauti yako. Naomba umpigie, na umwambie mwenyewe kwamba siku ile ulimdhania vibaya. Simu yake anaiwashaga asubuhi tu, akishakamua. Ukichelewa anaizima anaenda shamba.

Msalimie Baba Gibson, na Gibson mwenyewe, na mama mwenye nyumba wenu. Wifi anakusalimia sana. Mungu akulinde na baridi, aponye mguu wako, na atujalie mtoto wetu azaliwe hapa hapa Mwisenge.

Ni mimi, mwanao nikupendaye hata ukinikasirikia,

Jenipher